Mwalimu si wa kumtishia mtoto

Kila Januari maduka ya sare Kilosa mjini na Mikumi hujaa wazazi wanaotafuta sketi, kaptula na madaftari. Nyumbani nako kuna maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaandaliwa nayo: "Ngoja uanze shule, mwalimu atakunyoosha!"

Mzazi anasema kwa utani, au kwa kuchoka tu. Mtoto wa miaka sita hajui utani huo. Siku ya kwanza anamwona mwalimu kama mtu aliyeahidiwa kumchapa, na mwalimu analazimika kwanza kuondoa woga ambao hakuuleta yeye. Mtoto mwoga hanyooshi kidole, hata kama jibu analo.

Tena tishio lenyewe si la kweli. Kanuni za serikali zinataka fimbo zisizidi nne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyeteuliwa naye kwa maandishi.

Kinachomsaidia mwalimu ni kumfahamu mtoto mapema. Mwenye selimundu, kwa mfano, anatakiwa kunywa maji mengi, hivyo ataomba ruhusa ya chooni mara kwa mara. Mwalimu asiyejua hilo ataona ni mtoto mtoro, amkatalie, na mtoto ataanza kujinyima maji ili asigombezwe. Maji yakipungua mwilini, maumivu huweza kuanza.

Asiyeona vizuri hasemi, kwa sababu anadhani kila mtu anauona ubao hivyo hivyo. Kukodoa macho na kunakili kwa jirani ni dalili za kupeleka mtoto hospitali, si za uvivu. Masikio yanayotoa usaha nayo mwalimu aambiwe, ili mtoto akae mbele. Na kwa familia za wafugaji, Wamaasai na Wabarabaigi, ambako Kiswahili kinaweza kuwa kigeni kwa mtoto, ukimya wa wiki za mwanzo usisomwe kama uzito wa akili.

Halafu kuna uji. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wapo walioelewa kwamba mzazi hana tena cha kuchangia. Waraka wa serikali wa mwaka huo ulimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Ni kweli Januari ni mwezi mgumu kwa mkulima, ghala linapungua na shamba linadai palizi. Lakini ifikapo saa nne asubuhi, mtoto aliyetoka nyumbani bila kula anausikiliza tumbo lake, na hakuna mbinu ya mwalimu inayoshinda hapo.

Jioni, badala ya "umekuwa wa ngapi?", aulizwe leo amejaribu nini. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa haraka baada ya kushindwa kuliko waliosifiwa kwa bidii.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuzungumza na kila mzazi siku ya kwanza. Wiki ya pili, baada ya kengele ya mwisho, nafasi hupatikana. Asiyeweza kufika aandike mistari miwili kwenye karatasi na kumpa kaka au dada wa mtoto anayesoma shuleni hapo.