Umeme Safi wa Makaratasi

Nchini Uingereza makampuni kadhaa huwatangazia wateja kwamba umeme wanaowauzia watokana na upepo, jua na maji tu. Madai hayo hayana budi kupimwa. Ofgem, chombo cha kusimamia nishati, humpa mzalishaji cheti kimoja kwa kila uniti 1,000 za umeme wa aina hiyo. Lakini cheti chaweza kuuzwa mbali na umeme wenyewe. Hivyo kampuni yaweza kununua umeme wa gesi, ikanunua na vyeti, kisha ikajiita safi pasipo kujenga mtambo hata mmoja. Mteja na aulize: kampuni imefunga mikataba na wazalishaji wenyewe, ama yanunua vyeti tu? Isiyojibu yauza karatasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.