Kuiba na kunyang'anya si kosa moja

Alfajiri ya tarehe 8 Agosti 1963, genge la wanaume lilisimamisha treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London. Walifunika taa ya kijani kwa glovu, wakawasha nyekundu kwa betri. Treni iliposimama walimpiga dereva, Jack Mills, kwa chuma kichwani, wakaondoka na noti za pauni milioni 2.6. Mwaka uliofuata, saba kati yao walihukumiwa kifungo cha miaka 30 kila mmoja.

Pasaka ya mwaka 2015, wezi wengine, wengi wao wazee na mmoja akiwa na umri wa miaka 76, waliingia kwenye jengo la kuhifadhia masanduku ya amana katika mtaa wa Hatton Garden, London. Walishuka kupitia tundu la lifti, wakatoboa ukuta wa zege wenye unene wa nusu mita na kubeba dhahabu, vito na fedha zilizokadiriwa kufikia pauni milioni 14. Vinara wao waliohukumiwa mwaka 2016 hawakupata zaidi ya miaka 7.

Msomaji akiletewa habari hizi mbili chini ya kichwa kimoja cha "wizi mkubwa", ana kila sababu ya kushangaa. Lakini majaji hawakuwa na upendeleo. Wale wazee wa Hatton Garden walipatikana na hatia ya kula njama ya kuvunja jengo na kuiba. Hakuna mlinzi aliyepigwa wala aliyetishiwa, kwa kuwa humo ndani hapakuwa na mtu, na kwa jengo lisilo makazi sheria ya Uingereza inaweka kikomo cha miaka 10. Waliosimamisha treni walikuwa wanyang'anyi, na kwa unyang'anyi kikomo ni kifungo cha maisha. Kilichowatenganisha ni damu ya dereva.

Kwa karne nyingi Waingereza wenyewe walitazama zaidi thamani ya mali. Aliyeiba kitu cha zaidi ya shilingi moja alistahili kunyongwa, na kuiba mali ya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu kulikuja kuwekwa katika kundi hilo hilo. Wazee wa baraza waliomwonea mshitakiwa huruma wakawa wanatamka kwamba mali iliyoibwa ilikuwa na thamani ya shilingi 39, hata pale ambapo kila mtu mahakamani aliona kuwa ni zaidi. Leo makosa hayo yamekusanywa katika Sheria ya Wizi ya mwaka 1968. Kuiba ni kuchukua mali ya mwingine kwa hila, kwa nia ya kutoirudisha. Kunyang'anya ni kuiba kwa kutumia nguvu au kumtia mtu hofu ya kuumizwa papo hapo.

Mpaka huo ni mwembamba, na mahakama zimeupima kwa uangalifu mkubwa. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1987, mwanamume alimjia mwanamke kwa nyuma, akakishika kikapu chake kwa mikono miwili na kukivuta kwa nguvu mpaka kikamtoka mkononi. Huo ukahesabiwa kuwa unyang'anyi. Mwaka 2012 ikaja kesi ya mtu aliyechomoa sigara kutoka kwenye vidole vya mwenzake bila kumgusa. Mahakama ikasema huo ni wizi tu, kwa sababu nguvu haikumfikia mwenye sigara.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja kijana wa Mbagala, Tanzania, au wa Kayole, Kenya. Sheria za jinai za Kenya na Tanganyika zilizoanza kutumika mwaka 1930 zilichukua mahali pa ile ya India iliyotungwa na Waingereza, na kielelezo chake kilikuwa sheria ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Mgawanyo wa Kiingereza ukaja nao, na mgawanyo mwingine umebaki huku hata baada ya Waingereza kuufuta kwao. Uingereza ilifuta mwaka 1968 tofauti kati ya kuvunja nyumba mchana na kuivunja usiku. Kenya bado inayo: mchana ni miaka 7, usiku ni 10, na usiku wa kisheria unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni.

Uzito wote uko kwenye unyang'anyi. Nchini Tanzania, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeiba akiwa na silaha, akatumia nguvu au kutishia kuitumia ili aipate mali au asiiachie, afungwe si chini ya miaka 30. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga au kisu kinatosha. Kenya ni kali zaidi. Kifungu cha 296(2) kinataja kifo kwa mnyang'anyi mwenye silaha, au aliyekuwa na mwenzake, au aliyemjeruhi mtu, na mahakama zimeshasema sharti moja kati ya hayo linatosha. Vijana wawili wasio na hata wembe wakimkaba mtu ngeta na kumpora simu, kwa maandishi ya sheria wanastahili kitanzi. Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima wa adhabu ya kifo mwaka 2017, kesi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mauaji, na mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi ule uliishia kwenye mauaji. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini hukumu zimeendelea kutolewa.

Kwa hiyo neno analochagua mwandishi wa habari za mahakamani lina uzito. Barabarani watu wana maneno ya kutosha: kibaka huchomoa pochi kwenye daladala, mwenye pikipiki hukwapua simu na kutokomea, wengine hupiga roba uchochoroni, na jambazi huja na bunduki. Kila neno linaeleza namna mali ilivyochukuliwa. Habari ikifika gazetini, wote hugeuka kuwa majambazi, au kinyume chake, unyang'anyi uliomwacha mtu na jeraha la panga unaandikwa kuwa wizi. Nchini Kenya hata jina lililozoeleka la kosa lenye adhabu ya kifo ni "wizi wa mabavu", jina ambalo kwa msomaji wa haraka linafanana mno na wizi wa kuku.

Hasara yake ni kubwa. Mwananchi anayesoma kwamba kijana amefungwa miaka 30 kwa "kuiba simu" atadhani hakimu amepotoka, kumbe hakimu hakuwa na ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Na anayesoma kuwa "jambazi" amepewa miaka miwili atadhani mahakama imehongwa, kumbe aliyeshitakiwa alichomoa simu mfukoni bila kumgusa mtu. Katika hali hiyo hawezi hata kujadili kwa haki kama miaka 30 au kitanzi ni adhabu inayofaa kwa simu iliyoporwa kwa kisu cha jikoni. Mjadala huo ni wa wananchi na wabunge wao, na kwa Kenya hasa umechelewa.

Dawa iko ndani ya uwezo wa kila chumba cha habari. Hati ya mashtaka inataja kifungu na maelezo ya kosa, na husomwa kwa sauti mahakamani. Mwandishi ayanukuu yote mawili: kosa lenyewe, na alichofanya mtu. Kama alishika kisu, kiandikwe. Kama walikuwa wawili, waandikwe wawili. Neno jambazi lisubiri hukumu.