Siku 10 za Kuokoa Majina

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wetu tumehamia Windows 11. Barua pepe za zamani na namba za jamaa zisipoonekana, tafuteni kwanza folda ya Windows.old. Kwa kawaida hufutika yenyewe baada ya siku 10.

Wazazi, kazi hii msimwachie fundi. Kaeni na watoto, mnakili kila jina, na kwenye daftari pia, mtoto aulize, "Huyu ni nani kwetu?"

Mababu wa Wazanzibari wa Chatsworth walianza kufika Durban mwaka 1873, wakitoka utumwani, bila anwani ya jamaa waliowaacha. Sisi anwani tunazo. Tusizipoteze kwa uzembe.