Nani Hupanga Saa ya Mtoto Kuamka?



Yeyote anayewahi Misa ya alfajiri siku za juma katika miji yetu amekwisha kuwaona. Kiza hakijaondoka, na kando ya barabara amesimama mtoto wa darasa la kwanza, begi mgongoni, anasinzia huku ameegemea kanga ya mama yake. Anangoja gari la shule. Saa ni kumi na dakika hamsini, na masomo yake yataanza saa 1:30. Tumezoea kumwonea huruma na kupita. Katika toleo hili twapenda kusimama kidogo na kuuliza: ni nani aliyeamua kwamba mtoto huyu aamke saa kumi?

Si dereva, kwa maana dereva hufuata karatasi aliyopewa. Si mama, kwa maana mama aliambiwa tu. Uamuzi ulifanyika ofisini mwezi Januari, pale ada ya usafiri ilipopigiwa hesabu. Hebu nasi tuipige hesabu hiyo.

Chukua shule yenye gari moja la viti 28 na watoto 84 waliolipia usafiri. Gari litazunguka mara tatu. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ni dakika 50. Yote mitatu ni dakika 150. Ili watoto wa mwisho wafike saa 1:15, gari halina budi kutoka saa 10:45. Watoto wa mzunguko wa kwanza watashushwa shuleni saa 11:35, nao watangoja karibu saa mbili, mara nyingi madarasa yakiwa yamefungwa na mlinzi akiwa ndiye mtu mzima pekee aliyepo. Kisha mwenye shule, akitazama bei ya dizeli, hujiwa na wazo jepesi: mzunguko wa tatu ufutwe. Watoto 84 kwa mizunguko miwili ni 42 kila mmoja, yaani watoto watatu katika kila viti viwili. Hivyo ndivyo msongamano unavyozaliwa. Huzaliwa kwa kalamu, kabla gari halijawashwa, na askari wa usalama barabarani atakayelisimamisha gari hilo atamkuta dereva tu wa kumwandikia faini.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo haihitaji gari jipya. Katika zile dakika 50, gari husimama kwenye milango 14 ya nyumba, na kila mlango hula dakika mbili: kiatu kimoja hakionekani, uji ungali moto. Jumla ni dakika 28 ambazo gari linanguruma bila kusogea. Watoto wakikusanyika katika vituo sita badala ya milango 14, dakika hizo zitakuwa 12, mzunguko utakuwa dakika 34, na mizunguko mitatu dakika 102. Gari litatoka saa 11:33. Mtoto amerudishiwa dakika 48 za usingizi, na dizeli haikuongezeka hata tone.

Lakini kituo hudai kitu ambacho shule peke yake haiwezi kukitoa, nacho ni mtu mzima mwaminifu wa kusimama pale na watoto mpaka gari lifike, na kuwapokea jioni. Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zinapoingia. Jumuiya inayojua nyumba zake zote, inayopanga zamu za kusali Rozari na zamu za kutembelea wagonjwa, haishindwi kupanga zamu ya kituo. Tunasisitiza neno mwaminifu. Mtoto aliyeachwa peke yake gizani hukabiliwa na hatari zinazozidi ile ya magari, na ndani ya gari lenyewe yapasa awepo mlezi anayejulikana na wazazi, mwenye orodha ya majina mkononi, anayewahesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, na kukagua viti vyote kabla gari halijafungwa.

Tena kuna jambo la usawa ambalo hatujasikia likijadiliwa katika mkutano wowote wa wazazi. Watoto wa upande mmoja wa mji huwa mzunguko wa kwanza asubuhi mwaka mzima, na pengine jioni ndio wanaofikishwa mwisho. Kwa nini mizunguko isibadilishane kila muhula? Wapo watakaosema hilo litawachanganya wazazi. Wazazi ambao watoto wao huamka saa kumi hawatachanganyikiwa.

Hesabu za namna hii huonekana ndogo mpaka siku ya msiba. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, gari lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha liliacha njia na kutumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunachokumbusha ni kwamba safari ile haikuwa ya kila siku. Watoto walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa shule nyingine. Safari za namna hiyo, za mitihani, mahafali na ziara, ndizo zinazopangwa kwa haraka kuliko zote, ilhali ndizo zinazompeleka dereva kwenye barabara asiyopita kila siku.

Nasi wanaparokia tusijitoe katika jambo hili. Shule nyingi zenye magari hayo ni zetu, na siku za Jumamosi na Jumapili twayaomba kwa ajili ya kwaya, harusi na mazishi. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi nchini Kenya, basi la seminari lililowachukua wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Aprili 2024 mjini Arusha, maji ya mvua yalilisomba gari la shule na kuwaua wanafunzi kadhaa. Basi tuulize: katika shule yetu, nani ana mamlaka ya kusema "turudi"? Dereva anayekatwa mshahara akichelewa hana mamlaka hayo, hata kama tutamwandikia mahubiri ya uangalifu. Iandikwe na kubandikwa ndani ya gari kwamba maji yakifunika barabara gari husimama, na kwamba hakuna mwalimu, mzazi wala padre atakayemkemea dereva kwa kusimama. Na dereva aliyeendesha tangu alfajiri siku sita asipewe harusi ya siku ya saba.

Wapo wanaodhani kwamba shule imetimiza wajibu wake kwa kulipaka gari rangi ya njano. Viwango vya rangi hiyo viliwekwa Marekani mwaka 1939, katika mkutano ulioitishwa na Profesa Frank Cyr katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwa kuwa huonekana vyema alfajiri na jioni. Mkutano huohuo uliweka na viwango vingi vya namna gari lenyewe linavyopaswa kuundwa. Rangi ndiyo iliyosafiri upesi kuliko vingine, nayo kwa hakika ndiyo ya bei nafuu zaidi.

Hata hivyo, watoto wengi wa parokia zetu hawana gari la shule, liwe la njano au la rangi nyingine. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2016 iliondoa ada. Haikumfikisha mtoto shuleni. Huyu husimama kituo cha daladala, naye konda humsukuma pembeni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni pungufu mno kuliko ya mtu mzima. Binti wa shule ya kata hutembea mwendo mrefu, na yule anayempa lifti ya bodaboda leo anaweza kudai malipo yake kesho. Kwa hiyo zamu ya kituo tuliyoitaja isiwe ya watoto waliolipiwa usafiri tu. Mtu mzima aliyesimama pale saa kumi na mbili asubuhi, mwenye kujulikana mtaani, aweza pia kuushika mlango wa daladala na kumwambia konda kwa upole kwamba gari haliondoki mpaka hawa watatu waingie.