Majaji Nao Wapimwe

Tangu mashindano ya uimbaji ya American Idol yaanze Marekani mwaka 2002, jaji Simon Cowell alijulikana kwa ulimi mkali. Ukali hatuupingi, kwani sifa za uongo humpoteza kijana. Lakini kumwambia mwimbaji kwamba sauti yake haiendi na ala ni kumfunza. Kumfanyia kejeli mbele ya umma ni kumdhulumu.

Tena hukumu yaweza kukosea. Mwaka 2004 kura za watazamaji zilimtoa Jennifer Hudson akiwa wa saba. Mwaka 2007 akatunukiwa Oscar kwa filamu ya Dreamgirls.

Mashindano ya namna hii yamekwisha kuingia kwetu, kama Bongo Star Search. Twawaasa majaji: asiyeweza kulieleza kosa hastahili kulicheka.