Mchambuzi wa mpira anasema na nani?

Mechi ikiisha, mechi ya pili inaanza. Watu watatu au wanne wanakaa nyuma ya meza, wamevaa makoti mazuri, wanaanza kueleza kile ambacho watazamaji wamekwisha kuona kwa macho yao. Hapa mashariki mwa Congo, kuanzia Goma hadi Bukavu na Uvira, vipindi hivyo vinafuatwa karibu sawa na mechi zenyewe. Lawama nazo hazikosi. Mwenye kukaa saa moja kwenye kibanda cha kuonyesha mpira atazisikia zote: huyu anapiga kelele, yule anakata maneno ya wenzake, mwingine tangu alipoanza kualikwa hajasifu timu isiyo ya Ulaya.

Lawama hizo zisichukuliwe kama porojo za vijana wasio na kazi. Mtu analipa ili aingie kwenye kibanda, analipa kuchajisha simu, ananunua mega za intaneti. Ana haki ya kuuliza amepewa nini.

La kwanza wanalolalamikia ni lugha. Mashindano makubwa hutufikia zaidi kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha haraka cha watu wanaotaniana wao kwa wao. Mzee aliyekimbia kutoka Masisi, aliyesoma kidogo au hakusoma kabisa, anaambulia majina ya wachezaji tu. Ndiyo maana wengi wanawapenda wachambuzi wa Tanzania, hasa tangu Fiston Mayele alipoichezea Yanga na jina la Mkongomani likawa mdomoni mwa kila mtu Dar es Salaam. Lakini hata huko kuna shida yake. Kwenye CAN ya Côte d'Ivoire, Congo na Tanzania zilikuwa kundi moja, na tarehe 24 Januari 2024 zikatoka 0-0. Watu wa Goma wakasikia Chui wao wakichambuliwa kwa Kiswahili kizuri, ila kwa mdomo wa wapinzani.

La pili ni kwamba mchambuzi anahukumu bila kueleza. Hapa watazamaji wenyewe hawako pamoja. Wapo wanaotaka mchambuzi Mkongomani awe shabiki, asifu tu. Katika CAN hiyohiyo, Congo ilitoka sare na Zambia, ikatoka sare na Moroko, ikatoka sare na Tanzania, kisha ikatoka 1-1 na Misri na kusonga mbele kwa penalti, ya mwisho ikafungwa na kipa Lionel Mpasi mwenyewe. Mechi nne, hakuna hata moja iliyoshindwa na Congo ndani ya muda wa mchezo. Aliyesema mezani kwamba timu haifungi vya kutosha alitukanwa, akaitwa msaliti. Alikuwa anasema kweli. Congo ilipoifunga Guinea 3-1 kwenye robo fainali, hilo halikufuta alichosema, lilionyesha tu kwamba timu imejirekebisha. Mchambuzi wa namna hiyo alindwe. Anayepaswa kuulizwa ni yule anayesema timu ni mbaya, halafu hasemi ni mbaya wapi: kwenye kiungo, pembeni, au kwa kocha aliyechelewa kubadilisha wachezaji.

Mfano mzuri ulitokea Novemba 2025 mjini Rabat. Congo na Nigeria zilikuwa 1-1, mechi inakwenda kwenye penalti. Kocha Sébastien Desabre akamtoa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu dakika za mwisho kabisa za nyongeza. Fayulu akaokoa, na nahodha Chancel Mbemba akamaliza kazi: 4-3. Baada ya mechi, kocha wa Nigeria akalalamika kwamba upande wa Congo ulifanya uchawi. Basi mazungumzo yakawa uchawi, asubuhi uchawi, jioni uchawi. Watazamaji walicheka, na kucheka si vibaya. Ila kijana anayedaka mipira kwenye kiwanja cha vumbi alitaka kujua jambo jingine: kwa nini kocha amtoe kipa aliyeifikisha timu hapo? Kipa aliyekaa kwenye benchi dakika zaidi ya mia moja anajiandaa vipi kwa penalti? Maswali hayo yangejaza kipindi kizima, na kila mtu angetoka na kitu.

Lakini jambo lililowaumiza watu wa mashariki kuliko yote lilikuwa la tarehe 7 Februari 2024, siku ya nusu fainali dhidi ya wenyeji Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipokuwa unaimbwa, wachezaji wa Congo walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani, kama bunduki. Walikuwa wanasema kwamba huku mashariki watu wanauawa na dunia imenyamaza. Juma hilohilo familia za Sake zilikuwa barabarani zinakimbilia Goma, magodoro kichwani, watoto mgongoni.

Congo ilifungwa 1-0, bao la Sébastien Haller. Watu walikubali kufungwa. Ambalo hawakulikubali ni ukimya. Wengi waliilaumu televisheni kwamba haikuwaonyesha mashabiki wenye mabango kuhusu vita, na hasira hiyo ilifika hadi Kinshasa. Kuhusu picha, mabishano yanaweza kuendelea, maana anayetangaza mechi si lazima awe ndiye anayeamua kamera ielekee wapi. Mwenye kuketi mezani hana kisingizio hicho. Yeye ana mdomo, ana kipaza sauti, na ana dakika arobaini na tano. Mchambuzi aliyeliona tendo lile akakimbilia kueleza jinsi Haller alivyoupiga mpira, aliacha kazi yake nusu.

Na kuna jambo ambalo hata watazamaji wenye kulalamika hawakulifikiri sana. Tendo lile halikuwa na sauti. Kwa aliyekuwa anafuata mechi kwa redio ndogo ya betri ndani ya hema, pale Mugunga, Bulengo au Kanyaruchinya, wimbo wa taifa ulisikika kama siku zote. Wachezaji walikuwa wanasema kwa ajili yake, na yeye hakujua kwamba ametajwa. Aliambiwa kesho yake, na mtu aliyeona picha kwenye simu ya jirani. Mama aliyekimbia vita mara mbili au tatu ndiye aliyestahili kuambiwa kwanza, akaambiwa wa mwisho.

Kwa hiyo swali si kama mchambuzi aingize siasa kwenye mpira au asiingize. Wachezaji walikuwa wamekwisha kuiingiza, katikati ya uwanja, mbele ya Afrika nzima. Kueleza walichofanya ni uchambuzi kama ulivyo uchambuzi wa kona.

Watazamaji nao wasijione malaika. Mwanamke akialikwa kuchambua mpira, kuna wanaume wanaoanza kuguna kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, hata kama anajua timu kuliko wenzake wawili waliokaa karibu naye. Wengine humpima mchambuzi kwa jina la ukoo na kabila lake kabla ya kusikia hoja. Katika mkoa ambamo maneno ya kikabila yamekwisha kutoa damu, mchezo huo haufai hata kwa utani. Na wale wa mikeka, wanaomtukana mchambuzi kwa sababu alitabiri vibaya na wao wakapoteza pesa, hao wamalizane na mikeka yao.

Kinachoombwa si kikubwa. Redio za hapa mashariki, ambazo nyingi zina kipindi cha michezo jioni, haziwezi kushindana na studio za Paris wala Dar es Salaam kwa picha. Zinaweza kufanya lile ambalo studio hizo hazifanyi: kumsimulia mtu asiyeona. Timu imepangwaje, nani amesimama wapi, wachezaji wamefanya nini wakati wa wimbo, jukwaani kuna bango gani na limeandikwa nini. Halafu wachambuzi waseme kwa Kiswahili ambacho mtu wa Rutshuru na mtu wa Fizi wote wanakielewa.

Tena simu za wasikilizaji. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni, wakati umeme unakaribia kukatika na muziki wa kufungia umeanza kupanda. Watu wawili wanasalimia, wa tatu anauliza swali, anaambiwa muda umekwisha. Zifunguliwe mwanzoni. Wachambuzi waanze kujibu kile ambacho watu wameuliza, na kama swali la kwanza linatoka kwa mzee anayetaka kujua kwa nini vijana wale waliziba midomo yao Abidjan, basi kipindi kianzie hapo.