Likasi: kiwanja kikikosa mnara, kisikose sauti

Dereva yeyote anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi anajua kazi ya honi kwenye kona. Hamuoni anayekuja upande wa pili, lakini anamjulisha kwamba yuko njiani. Rubani anayeshuka kwenye kiwanja kidogo cha Likasi yuko katika hali hiyo hiyo. Kule Luano, Lubumbashi, kuna mnara wa kuongoza ndege: waongozaji wanasema nani atangulie na nani asubiri. Likasi hakuna mnara. Ndege mbili zikikaribia kwa wakati mmoja, kinachozuia zisigongane ni macho ya marubani na sauti zao kwenye redio.

Ni rahisi kusema serikali ijenge mnara, mambo yaishe. Lakini mnara unataka waongozaji waliosomeshwa, umeme usiokatika na mishahara ya kila mwezi, kwa kiwanja kisichopokea ndege nyingi. Hata Marekani, viwanja vingi vidogo havina mnara. Tena mnara peke yake hauokoi mtu. Nairobi, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana angani karibu na kiwanja cha Wilson, ambacho kina mnara. Dash 8 ilirudi salama. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa.

Kinachookoa ni nidhamu, na nidhamu hiyo inajulikana. Rubani anaanza kutangaza akiwa bado mbali, kama kilometa 18 hivi: jina la ndege yake, mahali alipo, urefu anaoruka na anachotaka kufanya. Akifika, haingii kama mwizi. Anafuata mzunguko wa kiwanja pamoja na wengine, kwa kawaida kama mita 300 juu ya ardhi, na anatangaza kila kona anayokata. Ndege iliyo chini zaidi, inayomalizia kutua, ndiyo yenye haki ya kupita. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja inakata kulia.

Anayeona hayo ni maneno ya shuleni aangalie yaliyotokea Quincy, Marekani, tarehe 19 Novemba 1996, kwenye kiwanja kisicho na mnara. Ndege ya abiria iliyokuwa ikitua iliuliza kwa redio kama ndege iliyo chini itasubiri. Aliyejibu ni rubani wa ndege nyingine kabisa. Marubani waliokuwa wakitua wakadhani wamejibiwa na yule waliyemuuliza, na yeye akaanza kuruka bila kusema lolote. Ndege ziligongana pale njia mbili za kurukia zinapokatana. Watu 14 walikufa, wote waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili.

Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, marubani walikuwa wakitangaza vizuri. Lakini mmoja alikuja moja kwa moja kutua, kwa mwendo mkali, wakati mwenzake yuko kwenye mzunguko. Watu watatu walikufa. Kwa hiyo kusema hakutoshi. Lazima kusikiliza, kupunguza mwendo na kumpisha mwenzako.

Wako wanaosema rubani ana macho. Ndege mbili ndogo zinazokwenda kilometa 200 kwa saa kila moja, zikielekeana, zinakaribiana zaidi ya mita 100 kila sekunde. Wataalamu wanakadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12 hivi tangu kuona ndege nyingine mpaka ndege yake ianze kukwepa. Katika muda huo zimekwisha kumeza zaidi ya kilometa moja. Na katika kiangazi cha Katanga, pori linapochomwa na moshi unapofunika mbingu, ni nani anayeona ndege ndogo kwa kilometa nyingi?

Kuna pia suala la lugha. Mwaka 1976, ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb na watu 176 wakafa. Dakika za mwisho mwongozaji alizungumza na ndege moja kwa lugha ambayo marubani wa ile nyingine hawakuielewa. Katanga inapokea marubani wa Kifaransa na wa Kiingereza. Tangazo la Likasi litolewe kwa lugha zote mbili.

Mambo yanayohitajika si ya ajabu. RVA na mamlaka ya anga, AAC, wahakikishe kiwanja kina masafa yake ya redio yanayojulikana na kila rubani. Ndege isiyo na redio inayofanya kazi isiruhusiwe kukitumia, na kila ndege iwe na transponda, kifaa kinachoziambia ndege nyingine urefu inaporuka. Awekwe mtu mmoja chini mwenye redio na daftari. Huyo hatoi amri. Anatoa habari: upepo, ndege nyingine iliyo karibu, watu au mifugo waliopita uwanjani.

Pesa isiwe kisingizio. Wakongomani wanaopanda ndege wanalipa Go Pass, ambayo ilipowekwa ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa ajili ya kutengeneza viwanja. Redio moja na mshahara wa mtu mmoja si mzigo kwa mfuko kama huo.

Ndege zikigongana, vyuma havibaki angani. Vinaanguka juu ya nyumba, soko na shule za watu ambao hawajawahi kukata tikiti. Wakaaji wa Likasi wana haki ya kuuliza leo, kabla ya msiba: nani anasikiliza redio ya kiwanja chao?